Kijito Kinachobadili Nguo

Nyekundu ile aliitambua kabla hajamaliza kuvua viatu. Alikuwa ameinama mlangoni, mguu mmoja nje, mwingine ndani, kiatu kimegoma kutoka kwa sababu ya soksi mbichi, akainua macho akaiona ukutani. Nyekundu yake mwenyewe! Haikuwa ya dukani wala ya bendera. Ilikuwa ile ya wiki iliyopita, ya majora ya sare za watu wa zimamoto. Mteja alilalamika kwamba inang'aa kama pipi, naye akaitia nyeusi kidogo ikatulia. Mtu aliyezeekea kwenye mapipa ya kiwanda cha vitambaa huijua rangi aliyoipika kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe.

"Nani kaleta hii?"

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni, suruali ya mtu mapajani. "Kwanza salamu," alisema bila kuzitoa pini.

"Nauliza nani kaleta hii humu ndani."

"Kazi ya mwanao hiyo. Ya mashindano ya shule. Nzuri, eh? Pindo nimepinda mimi, kesho inarudi."

Kilikuwa kipande cha marekani, upana wa meza, kimetundikwa kwa misumari miwili. Katikati palipita kijito, lakini kijito cha namna yake: mikanda ya rangi iliyolala sambamba kama vitambaa dukani, bluu, nyekundu, zambarau, manjano ya kukoza, yote ikitiririka chini ya daraja na kupotelea kwenye majani. Ndani ya maji mlikuwa na samaki. Samaki wenyewe walikuwa na kope.

Mpika rangi aliingia na kiatu kimoja mguuni. Alikwenda moja kwa moja kwenye ovaroli yake ya akiba iliyoning'inia nyuma ya mlango, akaipekua mifuko, akaigeuza nje ndani, akanusa.

"Chiriku!"

Msichana alitoka uani na povu la sabuni mpaka viwikoni. Jina lake la shule lilikuwa refu na zuri, lakini nyumbani na mtaani alikuwa Chiriku, maana tangu alipoota meno mdomo wake haukujua likizo.

"Shikamoo, baba. Umeiona? Mama kasema nitashika namba. Mimi sisemi kitu, ila mwalimu naye kasema—"

"Hii nyekundu umeitoa wapi?"

"Kijitoni."

"Usinichezee. Umekung'uta nguo zangu za kazi?"

"Ah, baba! Nguo zako zina rangi gani ya kukung'uta? Mama anazichemsha mpaka zinalia." Alipoona baba hacheki, akapunguza sauti. "Kweli, kijitoni. Asubuhi nikienda shule napita chini ya daraja. Maji yanakuwa yamebaki kwenye vishimo. Nachota na kopo, naanika juu ya bati mpaka yanakuwa mazito kama uji. Bluu inasumbua, lakini nyekundu, baba! Nyekundu inakamata mara moja!"

"Inakamata," alirudia mpika rangi. Ingeachaje kukamata? Chumvi ya kuikamatisha aliitia yeye mwenyewe.

"Mwalimu kasema rangi za dukani marufuku. Kila kitu kitoke kwenye mazingira. Kijani nimeponda majani, nyeusi ni mkaa, kahawia ni udongo wa kichuguu. Zilizobaki zote ni za kijito. Na insha nimeandika."

Insha ilikuwa imebandikwa pembeni, kwa mwandiko wa kulala. *Kijito chetu,* ilianza, *kina nguo nyingi kuliko mama yangu. Jana kilivaa bluu, leo nimekikuta na nyekundu. Hakirudii nguo. Samaki wake sijawahi kuwaona, nimewachora kwa kukisia. Nafikiri wanajificha kwa sababu hawajui leo wavae nini.*

Mkewe alicheka mpaka pini moja ikaanguka. Mpika rangi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, na kiatu chake kimoja.

Alikuwa na hofu mbili, na hakujua ipi itangulie. Ya kwanza ilikuwa ya poda. Poda ya rangi ilitoka mbali na ilikuwa ghali, na tangu mikebe ianze kupungua stoo, wafanyakazi walikuwa wakipekuliwa getini kama wafungwa. Mtu yeyote wa kiwandani angeitazama picha ile angesema neno moja: wizi. Ya pili ilikuwa ya koki. Ofisi ya mazingira iliandikiwa zamani na kiwanda kwamba bomba la kijitoni limezibwa kwa saruji, na kwamba maji machafu yote sasa huenda kwenye shimo la kutulizia. Shimo lilikuwepo kweli. Lilijaa msimu wa kwanza wa mvua na halikuzolewa tena. Kila jioni msimamizi alipuliza filimbi, na mpika rangi akaenda nyuma ya ukuta kufungua koki. Mtaa mzima ulijua. Lakini kila nyumba ilikuwa na mtu wake kule, anayepika, anayepiga pasi, anayelinda; basi walikwisha kujifunza kukizungumzia kijito kama mtu anavyomzungumzia shemeji mlevi, kwa mafumbo, na mbele ya wageni hata mafumbo hayo hayakutolewa.

"Achore nyingine," alisema.

"Kwa rangi gani?" aliuliza mkewe.

"Nitanunua za dukani."

"Za dukani ni udanganyifu, baba. Nitaondolewa."

"Basi usishindane."

Chiriku alimgeukia mama yake. Povu lilikuwa linamkaukia mikononi. Mama akatoa pini zilizobaki, akazichoma kwenye kimto cha pini, moja moja.

"Mshindi analipiwa ada ya mwaka mzima," alisema taratibu. "Labda hukuambiwa."

Kulipopambazuka, mkewe na mtoto wakiwa bado wamelala, mpika rangi aliitoa picha ukutani akachovya pembe moja kwenye beseni la maji. Alifikiri: ikichuja kidogo tu, nitasema imeharibika yenyewe. Akafikicha kwa vidole. Akasubiri. Akafikicha tena, kwa sabuni. Maji yalibaki meupe kama yalivyotoka bombani. Ile nyekundu ilitulia kwenye uzi wa marekani kana kwamba ilizaliwa humo.

"Unafanya nini?" Mkewe alikuwa amejiinua kwa kiwiko.

"Naangalia kama inachuja."

"Inachuja?"

"Haichuji."

"Hongera," alisema mkewe, akageukia ukutani.

*

Shuleni mpika rangi alikalishwa kwenye benchi la nje ya ofisi, lile wanalokalishwa watoto watukutu. Watoto waliopita walimtazama wakajaribu kukisia amefanya kosa gani. Aliificha mikono yake chini ya mapaja. Ilikuwa ya bluu mpaka kwenye vifundo. Wiki ile walikuwa wakipika mapazia ya hoteli.

Mwalimu wa sanaa alikuwa binti mdogo, mgeni wa mtaa ule, bado ana furaha ya kazi mpya. Alimpokea kwa mikono miwili, akaona rangi viganjani mwake, akawa mwepesi wa kusema, "Ala! Kumbe kipaji ni cha ukoo!"

"Hapana, mwalimu. Mimi ni kibarua wa kiwandani tu. Nimekuja kuhusu ile picha. Nilitaka irudi nyumbani."

"Irudi? Kwa nini?"

"Ina kasoro."

"Kasoro gani?"

Njia nzima alikuwa amejitayarisha kwa swali hilo, na jibu lililotoka ni lile ambalo asubuhi ile mwenyewe alikwisha kulihakiki kuwa si kweli. "Rangi zake zitachuja."

"Mzazi, hatutaifua," alicheka mwalimu. "Tutaitundika."

"Na mtoto mwenyewe anaumwa. Hataweza kuhudhuria."

Hapohapo Chiriku alipita dirishani mbio, kiatu mkononi, akimfukuza mtu na kumtukania mpira wake. Mwalimu alitazama dirisha, akamtazama mzazi. Tabasamu likampungua kidogo. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kumweleza kwa upole mwingi, kama anavyoelezwa mtu asiyesikia vizuri, kwamba wazazi wengi hawajui thamani ya sanaa, kwamba kuchora si kupoteza muda, kwamba kuna watu duniani wamejenga nyumba kwa kuchora. Mpika rangi aliitikia kila kituo. Ndiyo, mwalimu. Ni kweli, mwalimu. Angemweleza nini?

"Na ile fikra yake ya kijito!" alisema mwalimu. "Wenzake wote wamechora mti na jua. Yeye kakusanya maua ya ukingoni akayakamua rangi. Ni maua, sivyo? Mimi sijafika huko."

"Ni... huko kuna vitu vingi."

"Basi nikupe habari njema, usiende na uso huo. Mwamuzi anatoka ofisi ya mazingira yenyewe. Na mgeni rasmi, aliyetoa zawadi zote, ni tajiri wa kiwanda chenu! Nitamwambia mtoto wa mfanyakazi wake ndiye anaongoza. Utaona atakavyofurahi."

Mpika rangi alishukuru. Alishukuru tena mlangoni. Alipofika kwenye geti la shule aligundua kwamba amemshukuru na mlinzi pia, ambaye hakuwa amempa kitu.

*

Msimamizi wao aliitwa Kipenga, kwa sababu ya filimbi aliyoivaa shingoni hata msibani. Zamu ilipokwisha aliwapanga mstari getini: mikono juu, mifuko nje, kofia chini. Alipofika kwa mpika rangi alimkunjua upindo wa suruali, akauchungulia kwa muda.

"Mbona unatetemeka? Una homa?"

"Mvuke wa leo ulikuwa mkali."

"Mvuke." Kipenga alimpapasa mgongoni. "Unamkumbuka mpiga pasi? Naye alisema mvuke. Tukamkuta na poda ndani ya kiberiti. Kiberiti, jamani! Mtu mzima na watoto wake." Mstari mzima ulicheka, maana ilibidi. "Nasikia mwanao ni msanii siku hizi. Tajiri kaniambia nimsindikize Jumamosi. Nitakuja nione."

Nyumbani alimweleza mkewe yote, la kiberiti na la Jumamosi, bila kushusha sauti, akidhani Chiriku yuko uani. Chiriku alikuwa chini ya meza ya cherehani akiokota vifungo.

"Tuseme nini basi wakituuliza?" aliuliza mke.

"Tusiulizwe."

"Ndiyo mpango wenyewe huo?"

"Una mwingine?"

Hakuwa nao. Alimshonea Chiriku kola mpya kwenye gauni la shule, akaibomoa kwa sababu ilikaa upande, akaishona tena. Kwa siku zile zilizobaki mume na mke walizungumza habari za vijiko na masufuria tu. Mtoto peke yake aliimba, na hata yeye, ukimsikiliza vizuri, alikuwa akikatiza wimbo katikati na kunyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

*

Ukumbi wa shule ulikuwa madarasa mawili yaliyoondolewa ukuta wa mbao katikati. Picha zilitundikwa kwa pini kwenye kamba kuzunguka kuta: miti mingi, majua yenye meno, dunia iliyovaa bandeji na kulia machozi. Kwenye meza ya mbele zilirundikwa zawadi, mikoba myeupe kwa ajili ya kila mtoto aliyeshiriki, na watoto walikuwa wakizitazama zaidi ya walivyotazama picha. Wazazi walivaa walichokuwa nacho kizuri. Mpika rangi alivaa koti la harusi yake na kuitia mikono mifukoni.

Tajiri alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na alijua kuzungumza na watoto. Alisema mazingira ni uhai. Alisema yeye mwenyewe alipokuwa mdogo alipenda sana kuchora kuku. Watoto wakacheka, makofi yakapigwa, akaanza kuzunguka na mwamuzi wa ofisi ya mazingira, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, mwalimu wa sanaa akitangulia kinyumenyume na Kipenga akifuata.

Kwenye picha ya Chiriku tajiri alisimama. Alisogea, akarudi nyuma, akatabasamu kama mtu aliyekutana na nduguye safarini.

"Hii rangi mbona naijua?"

Kipenga alishika kitambaa kwa vidole viwili, akakinusa. "Bosi, hii ni nyekundu yetu. Ya zimamoto. Na hii zambarau ni ile ya mashuka."

"'Zilizobaki zote ni za kijito,'" alisoma mama wa miwani kwenye kikaratasi cha chini kilichoorodhesha rangi. "Kijito gani hiki?"

"Ni maua," mwalimu aliwahi kusema. "Ya ukingoni."

"Maua gani yanatoa hii, mwalimu?" Kipenga alicheka kwa pua. "Hii ni poda. Na baba wa mtoto huyo pale, kwenye koti."

Watu wakageuka. Mpika rangi alihisi mkono wa mkewe ukimshika koti kwa nyuma, si kwa kumzuia wala kumsukuma, kumshika tu. Tajiri hakukunja uso. Alimwomba mwalimu chumba cha faragha, na chumba kilichokuwepo kilikuwa stoo ya mipira.

"Kaa," alisema tajiri, na kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa, wote wawili walisimama katikati ya nyavu na mipira iliyoishiwa upepo. "Mimi na wewe hatujawahi kugombana."

"Hapana, bosi."

"Mtoto ana kipaji. Naona. Sasa sikiliza. Wewe ulichukua poda kidogo, ncha ya kijiko, ukampelekea mwanao. Mzazi gani hajafanya jambo kama hilo? Tunatoka hapa, unasema hivyo, mimi nasema nimekusamehe mbele ya watu wote. Yamekwisha. Jumatatu kazini kama kawaida."

"Sikuchukua poda, bosi. Wewe unajua."

"Mimi najua nini?" Sauti ilibaki laini vilevile.

Mpika rangi alitazama chini. Mpira mmoja ulikuwa umepasuka, utumbo wake uko nje. "Na mtoto?"

"Ataondolewa kwenye mashindano. Mashindano tu! Nitamnunulia sanduku la rangi mimi mwenyewe, kubwa."

"Wataona amedanganya."

"Watoto wanasahau." Tajiri alijipangusa vumbi begani. "Sasa wewe niambie. Usiposema hivyo, utasema nini?"

Walipotoka, ukumbi ulikuwa umenyamaza namna ile ya watu waliokuwa wakizungumza sana. Mpika rangi aliitoa mikono mifukoni. Alisema kwa sauti iliyomshangaza kwa jinsi ilivyokuwa ya kawaida, "Rangi nilimletea mimi. Niliichukua kazini. Naomba radhi."

"Na mimi nimemsamehe!" alisema tajiri, akamwekea mkono begani. "Mzazi ni mzazi." Makofi yalianza upande wa Kipenga yakasambaa. Mwalimu wa sanaa hakupiga. Alikwenda kwenye picha akaanza kuchomoa pini, na alipofika kwenye ya mwisho akageuka.

"Chiriku. Njoo. Ni kweli aliyosema baba?"

Msichana alisogea mbele na kola yake mpya. Mtu yeyote anayemjua angetegemea hadithi tatu kabla ya jibu. Alimtazama baba yake, akautazama mkono ulio begani kwa baba yake, akamtazama Kipenga.

"Ni kweli, mwalimu," alisema. "Baba alinipa. Ilikuwa ndani ya kiberiti. Nikaichanganya na maji. La kijito nilitunga."

Hakupepesa. Sauti haikutikisika. Hata kiberiti alikiweka mahali pake, kama fundi anayejua tofali gani linashika ukuta. Nyuma ya ukumbi mtoto mmoja akasema, "Mwongo!" na wengine wakadakia, wakacheka. Chiriku alikunja mikono akasubiri wamalize.

Neno lilimtoka mpika rangi kabla hajaliona.

"Hapana."

"Tumeshamaliza, mzee," alisema tajiri, na mkono ukawa mzito begani.

"Hapana. Mtoto anadanganya. Ananidanganyia mimi. Na mimi nimedanganya." Alijitoa chini ya ule mkono. "Rangi kachota kijitoni, chini ya daraja, kama alivyoandika. Zimetoka kwenye mapipa yetu. Koki nafungua mimi."

Mama wa miwani alivua miwani. "Koki ipi? Barua inasema mliziba."

"Haijazibwa."

"Tangu lini?"

"Haijapata kuzibwa, mama. Nenda kaone. Ukuta wa nyuma, kuna mabati yameegeshwa. Yaondoe."

"Huyu kachanganyikiwa," alisema tajiri kwa huzuni, akiuambia ukumbi mzima. "Aibu inamfanya mtu aseme chochote." Lakini alikuwa amekwisha kuitazama saa yake.

Kipenga alimsogelea mpika rangi mpaka filimbi ikamgusa kifuani. "Jumatatu usije."

"Nimeelewa."

"Wala kuja kuchukua mabuti yako usije."

Kisha lilitokea jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Tajiri aliaga, akakumbuka msiba mahali fulani, akatoka. Na dereva wake akaja mezani, akaanza kubeba mikoba. Aliibeba kwa mafungu, kifuani, huku na huku, mpaka meza ikabaki na kitambaa chake tu. Watoto walimfuata mpaka kwenye gari. Gari lilipoondoka, mmoja akaanza kulia, halafu wengi.

Mzazi mmoja, mwanamke aliyemleta mwanawe na nduguze wawili wote wameogeshwa, alimjia mpika rangi akiwa na machozi ya hasira.

"Sasa si ungengoja watoto wapewe mikoba yao kwanza, ndugu yangu? Huo ukweli ungeoza?"

Wengine walimpita kama wanavyolipita dimbwi, kwa kuinua nguo. Jirani yake wa ukuta mmoja, ambaye mwanawe naye alifanya kazi kiwandani, alisimama, akamtazama juu mpaka chini, akaenda zake.

Mama wa miwani aliandika, akauliza jina la mtaa, akaandika tena. Alisema atakuja na chupa za kuchukulia maji. Alisema jambo litafuatiliwa, ila suala la lini haliko mikononi mwake. Kisha akaikunja picha mara nne, akaitia kwenye bahasha ya kaki.

"Nitarudishiwa?" aliuliza Chiriku.

"Tutaona, mwanangu."

"Usiikunje kwenye samaki."

Lakini ilikuwa imekwisha kukunjwa. Mwalimu wa sanaa alibaki na pini viganjani. Alimwambia mpika rangi tu, "Kumbe hazichuji," akaingia ofisini akafunga mlango.

*

Walirudi kwa miguu, mama mbele, hatua za haraka, mkoba kwapani. Walipopita duka la vitambaa aliongea bila kugeuka.

"Yule mwenye duka aliwahi kuniomba nimshonee foronya. Nilimkatalia, malipo yake ni ya kuokota. Kesho nitakwenda kumwambia nimekubali. Na wewe utakaa kwenye chuma cha kupigia pasi."

"Nitakaa."

"Usiunguze."

"Sitaunguza."

"Na chumba wakitutoa?" Aliuhamishia mkoba kwapa la pili. "Chumba ni cha binamu yake Kipenga. Ulilikumbuka hilo?"

"Nililikumbuka."

"Kabla au baada?"

"Baada."

Mama alitikisa kichwa, akaongeza mwendo mpaka akawa mbele yao sana.

Chiriku alitembea upande wa baba yake akipiga teke kijiwe kilekile, kikienda pembeni anakifuata. Mpika rangi alimtazama kwa chati. Uso ulikuwa umevimba, lakini hakuwa amelia. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko Kipenga na chumba na Jumatatu.

"Baba."

"Naam."

"Nilikuwa nimeshakuokoa."

"Najua."

"Walikuwa wameniamini wote. Hata mwalimu. Ungebaki kazini."

"Najua, mama."

"Sasa mbona ukaharibu?" Sauti ilipanda. "Mimi sikujali kuitwa mwongo! Wangesahau. Kosa langu lilikuwa lipi? Nilisema vibaya?"

Mpika rangi alitafuta jibu mbali, kwenye paa za nyumba, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mgongo wa mkewe uliokuwa ukizidi kuwa mdogo.

"Ulisema vizuri," alisema. "Ulisema vizuri sana. Hukumeza hata mate."

"Ulitaka nimeze mate?"

"Nilitaka ushindwe kudanganya."

Chiriku alisimama. Kijiwe kilikwenda peke yake kikaingia mtaroni. Alimtazama baba yake, na baba yake alisimama naye akisubiri, mikono ya bluu imening'inia nje ya koti la harusi. Ndipo uso wa mtoto ulipoanza kukunjika, polepole, kuanzia kidevuni, akalia kwa sauti kubwa katikati ya njia, kama mtoto wa umri wake.